Ukuta wa Shangazi na Mifuko Kumi na Minne ya Saruji

Kipande cha kwanza cha lipu kilianguka usiku, katikati ya masika, na shangazi alidhani ni paka aliyeangusha sufuria jikoni. Asubuhi akakuta vigae vya saruji vimetawanyika chini ya dirisha la ukumbini, vinene kama kidole gumba, na mgongoni mwa kila kimoja umeganda unga mweupe wa jiwe la matumbawe uliobanduka pamoja nacho. Hakunilaumu. Alinipigia simu Dar es Salaam, akaniuliza kwa upole wake wa siku zote kama saruji nayo huchoka, nami nikamjibu kwa kujiamini kwamba bila shaka fundi alizidisha mchanga. Ilinichukua muda kukiri kwamba fundi yule hakuwa na kosa lolote. Aliyekosea ni mimi, mhandisi wa familia, kwa sababu mimi ndiye niliyeamuru saruji ipakwe.

Nyumba yenyewe iko Mji Mkongwe wa Unguja. Ina ghorofa mbili, kuta zake zina unene unaozidi nusu mita, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na udongo, na vyumba vyake ni virefu lakini vyembamba, kama vilivyo vyumba vya nyumba nyingine za rika lake. Wembamba huo haukutokana na mtindo. Dari inabebwa na boriti za mikoko, na kwa kawaida boriti ya mkoko haitumiki kuvuka nafasi inayozidi mita tatu hivi. Kwa hiyo mti wa kando ya bahari ndio uliomwamulia mjenzi upana wa chumba, na haukumwamulia wa Unguja peke yake, maana boriti hizo hizo zilipakiwa majahazini kutoka Lamu na delta ya Rufiji zikapelekwa Oman na nchi nyingine za Ghuba, ambako nyumba za zamani zina vyumba vyembamba vivyo hivyo. Ninapotakiwa kueleza taaluma niliyosomea, ambayo wengine huiita sayansi ya malighafi na mimi huiona kuwa ni elimu ya tabia za vitu, huanza na boriti hiyo. Watu hudhani kwamba mchoro hutangulia na vifaa hufuata, ilhali katika sehemu kubwa ya historia ya ujenzi kifaa ndicho kilichoshika kalamu.

Mwaka 2017, nilipokuwa na miaka miwili tu tangu nihitimu, lipu ya chokaa ya ukumbini ilikuwa imechakaa. Ilimwaga unga kila upepo ulipovuma, na shangazi alikuwa akifagia mara mbili kwa siku. Aliniomba ushauri, nami nilikuwa na majedwali. Kwenye mfuko wa saruji huandikwa 32.5 au 42.5, na namba hiyo ni megapaskali, yaani nguvu ya mgandamizo ambayo sampuli iliyotengenezwa kwa kipimo maalumu inapaswa kuifikia baada ya siku 28. Mota ya chokaa, yaani mchanganyiko wa chokaa, mchanga na maji, ya umri huo mara nyingi haifiki hata megapaskali 2. Hata ukiipunguza saruji makali kwa mchanga mwingi, kama inavyofanywa katika lipu, bado inaiacha chokaa mbali sana. Nilimweleza shangazi haya kwa kalamu na karatasi, naye akasikiliza kama anavyomsikiliza daktari, kisha akatoa fedha zake. Tulinunua mifuko kumi na minne. Chokaa ya zamani ikapigwa kwa nyundo hadi mawe yakaonekana, ikapakwa lipu ya saruji, ikalainishwa hadi ikang'aa, na juu yake ikapakwa rangi ya mafuta ya kijani kibichi. Wageni walisifu, nami nikatembea kifua mbele.

Mwaka wa kwanza haukuonyesha kitu. Wa pili, mstari wa unyevu ambao zamani ulikuwa chini ya goti ulianza kupanda, na ulipofika kiunoni haukusimama. Rangi ikafanya malengelenge. Ukigonga ukuta kwa kifundo cha kidole, ulitoa mlio wa ngoma badala ya mlio wa jiwe, dalili kwamba lipu ilikuwa imeachana na ukuta ikabaki imejishikilia yenyewe. Kisha ndipo ulipokuja ule usiku wa paka.

Nilipokuja kuvitazama vile vigae, kilichonishtua zaidi ni ule unga wa matumbawe mgongoni. Saruji haikuwa imeshindwa kushika; ilishika vizuri kupita kiasi. Vitu viwili vilivyounganishwa vinapovutana, ufa hautafuti mahali pa katikati, bali hupita ndani ya kile kilicho dhaifu zaidi, na kati ya lipu yangu na jiwe la karne iliyopita, dhaifu alikuwa jiwe. Jua la mchana lilipoutanua ukuta na usiku ulipousinyaza, chokaa ya zamani ingekubali kunyumbuka kidogo na kupata nyufa ndogo zisizoonekana, lakini saruji ilikuwa ngumu, haikukubali, ikavuta, na mwishowe ikaondoka na uso wa jiwe. Lipu ni nguo, na nguo inapaswa kuchakaa kabla ya mwili. Mimi niliuvisha mwili wa mzee nguo ya bati.

Hiyo ilikuwa nusu ya kisa tu, kwa maana nusu nyingine ilikuwa ya maji na chumvi. Jiwe la matumbawe limejaa vinyweleo, na nyumba zile nyingi hazina kizuizi cha unyevu katika msingi, kwa hiyo maji ya ardhini hupanda ukutani kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Maji hayo hayaji peke yake. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi, na mji uliojengwa kwenye rasi, kwa mawe yaliyozaliwa baharini, huku ukipigwa na upepo wa kusi na wa kaskazi kwa zamu, una chumvi kila mahali: ardhini, ndani ya mawe, na hata kwenye mchanga uliochanganywa katika mota. Maji yanapofika juu ya ukuta na kukauka, chumvi hubaki na kuwa fuwele, yaani punje ngumu. Fuwele inayokua ndani ya kinyweleo husukuma pande zote, na ingawa msukumo wa fuwele moja haufai hata kutajwa, mamilioni yake, yakirudia kuyeyuka na kuganda kila unyevu wa hewa unapobadilika, yanaweza kuugeuza uso wa jiwe kuwa unga.

Katika ukuta wa chokaa ukaukaji huo hutokea juu ya lipu au ndani yake, kwa kuwa chokaa nayo ina vinyweleo vinavyopitisha mvuke. Kinachoharibika basi ni lipu, ambayo ni rahisi na hupakwa upya. Ule unga uliomchosha shangazi kufagia ulikuwa ni gharama ndogo ambayo ukuta ulikuwa ukilipa ili mawe yabaki salama. Mimi nikaja nikaziba. Saruji na ile rangi ya mafuta vilipunguza sana njia ya mvuke, maji yakakosa pa kutokea, yakapanda juu zaidi kutafuta uwazi, na chumvi ikaanza kuganda nyuma ya lipu, juu ya uso wa jiwe lenyewe. Lililonitia hofu kubwa zaidi ni kwamba huko juu maji yalikokimbilia ndiko vilikokaa vichwa vya boriti, na boriti ambayo kichwa chake kimelowa daima huoza kimyakimya ndani ya ukuta, au mchwa huikuta ikiwa laini na kumaliza kazi.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al Ajaib, jumba la huko huko Mji Mkongwe lililojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883, ilianguka wakati wa ukarabati, na watu wawili wakapoteza maisha. Jumba lile lina mambo yake mengi, yakiwemo nguzo za chuma na vifaa vya aina nyingi vilivyokutanishwa chini ya paa moja, nami sina haki ya kulitolea hukumu. Ninachojua ni kwamba jioni ile shangazi alinipigia simu kwa mara ya pili, na safari hii hakuuliza kuhusu saruji. Aliuliza kama alale chini au juu. Nikapanda boti siku ya pili yake.

Kuna mzee mmoja, mwashi wa kusini ya Unguja, ambaye jirani alituelekeza kwake. Nilimpa shikamoo, nikamweleza kisomi kilichotokea, na yeye akaweka kiganja ukutani kwa muda, kama mtu anayepima homa. "Mwanangu," akasema, "ukuta huu ulikuwa ukinywa maji na kuyatoa. Nyinyi mmeuziba mdomo." Sikumwambia kwamba ule "nyinyi" ulikuwa mtu mmoja. Nadhani alijua.

Kwake nilijifunza upya kitu ambacho nilikuwa nimekijibu vizuri kwenye mtihani bila kukielewa. Tulikwenda kuona tanuri. Magogo ya minazi na kuni nyingine hupangwa kwa duara, juu yake yakarundikwa mawe ya matumbawe, kisha moto ukawashwa na kuachwa ufanye kazi yake. Jiwe la matumbawe kwa sehemu kubwa ni kalsiamu kabonati, ile ile ya maganda ya kombe na mayai. Likifikia joto la nyuzi 900 hivi za Selsiasi, hewa ukaa iliyofungwa ndani yake hutoka, na hesabu yake ni rahisi kukumbuka: kilo 100 za kabonati safi hutoa kilo 44 za hewa ukaa na kubakiza kilo 56 za chokaa kali. Ndiyo maana jiwe lililoungua sawasawa huwa jepesi ajabu mkononi, na mzee hakuhitaji kipimajoto, kwa sababu aliliokota, akalitikisa, akajua kama limeiva.

Chokaa kali hiyo ni hatari. Ukiimwagia maji huchemka, hufuka mvuke, hupasuka na kuvimba, na asiyekuwa mwangalifu huunguza macho. Hayo ndiyo maumbile yake, kwani kilo 56 zake hunywa kilo 18 za maji na kuwa kilo 74 za chokaa iliyozimwa, huku joto lililotumika tanurini likirudi kwa sehemu. Baada ya hapo mzee huilaza. Aliihifadhi shimoni chini ya maji kwa miezi, na aliposema kwamba chokaa changa ni "kali na haisikii mkono," nilitaka kucheka, lakini ukweli ni kwamba kadiri chokaa inavyolala chini ya maji ndivyo chembe zake zinavyozidi kuwa ndogo na bapa, na unga wake ukawa laini na wenye kunata. Kipimo chake kilikuwa mwiko, ambao aliuchovya, akaugeuza juu chini, na chokaa ikabaki imening'inia kama ugali wa muhogo. Nimetumia mashine za fedha nyingi kupima jambo hilo hilo.

Kisha ipo sehemu ambayo hadi leo naiona kama miujiza, ingawa kila mstari wake naweza kuuandika ubaoni. Chokaa ikipakwa ukutani haigandi kwa kukauka tu, bali huirudisha polepole ile hewa ukaa iliyoipoteza tanurini na kuwa kabonati tena, yaani kuwa jiwe lile lile la mwanzo katika umbo jipya. Hewa tunayovuta ina asilimia 0.04 tu ya hewa ukaa, kwa hiyo kazi hiyo ni ya taratibu mno. Huanzia nje na kuingia ndani, na katika ukuta mnene inaweza kuchukua miaka mingi. Kuna kemikali iitwayo fenolfthaleni ambayo huwa waridi inapokutana na chokaa ambayo bado haijawa jiwe. Nilichukua kipande cha mota kutoka katikati ya ukuta wa shangazi, nikakivunja na kukidondoshea matone mawili, lakini hakikubadilika rangi, maana kilikuwa kimekwisha kuwa jiwe hadi moyoni. Cha lipu mpya ya majaribio kilikuwa na ganda jembamba jeupe kwa nje, na ndani kikawaka waridi kama ua la asumini lililotiwa rangi. Mzee alikitazama, akasema tu kwamba ndiyo sababu chokaa isipakwe nene kwa mara moja na isiachwe ipigwe na jua kali, kwa sababu "ikikauka kabla ya kuiva, imekufa." Unyevu kidogo unahitajika ili hewa ukaa iyeyuke na kuingia, hakukosea hata neno.

Alitueleza pia jinsi sakafu na dari za zamani zilivyopigwa, watu wakipanga safu na kutwanga chokaa na kokoto kwa miti bapa, siku baada ya siku, kwa nyimbo zilizoshika mapigo. Wapenda mila huikumbuka nyimbo, nami huikumbuka kazi iliyofichwa ndani yake. Kila pigo lilikuwa likitoa hewa na maji ya ziada, likifunga nyufa za kusinyaa zilipokuwa zinaanza, na kuzibana chembe. Wimbo ulikuwa saa na ulikuwa msimamizi.

Nisieleweke kwamba naichukia saruji. Naipenda, na nyumba yangu ninayoijenga bara ni ya tofali za saruji. Isitoshe, saruji na chokaa ni ndugu wa tumbo moja. Mwingereza John Smeaton, alipokuwa akijenga mnara wa taa wa Eddystone kati ya 1756 na 1759, aligundua kwamba chokaa iliyopatikana kwa kuchoma mawe yenye udongo wa mfinyanzi ndani yake huganda hata chini ya maji. Mwaka 1824 Joseph Aspdin wa Leeds akapata hataza ya kitu alichokiita saruji ya Portland. Viwanda vya leo huchoma mawe ya chokaa na udongo kwa nyuzi 1450 hivi, hadi vinaanza kuyeyuka na kushikana kuwa madonge yaitwayo klinka, ambayo husagwa pamoja na jasi kidogo ili yasigande upesi mno. Kiwanda cha Bamburi, Mombasa, kilichoanza uzalishaji mwaka 1954, kilichimba matumbawe ya kale yale yale ambayo babu zetu waliyachoma kwa magogo ya minazi. Tofauti imo katika udongo na katika moto. Udongo unaleta silika, moto mkali unaiunganisha na kalsiamu, na matokeo yake ni kitu ambacho hakingoji hewa: kinashikana na maji, kwa saa na siku badala ya miaka.

Kwa sababu kinashikana na maji, siri yake yote imo katika maji, na hapo ndipo sehemu nyingi za ujenzi wa pwani na bara hukosea kwa namna mbili zinazopingana. Wakati wa kuchanganya, maji huzidishwa. Mchanganyiko mzito unachosha mabega, na ndoo moja ya ziada inaufanya uteleze kwenye toroli kama uji. Lakini maji yasiyotumika hubaki ndani na yakikauka huacha vinyweleo, na Duff Abrams alionyesha mjini Chicago mwaka 1918 kwamba kadiri uwiano wa maji kwa saruji unavyopanda ndivyo nguvu ya zege inavyoshuka. Kisha, zege likishamwagwa, maji hupunguzwa pale yanapohitajika. Zege la jana huonekana gumu, mafundi huhamia kazi nyingine, hakuna anayemwagilia, jua la Desemba hulikausha, na mgando husimama njiani. Nimeona nguzo iliyomwagiwa maji siku mbili ikisifiwa kuwa imekomaa. Siku saba ni za chini kabisa. Gunia lililoloweshwa na kuzungushiwa nguzo halina gharama, na kwa maoni yangu linafaa kuliko kuongeza mfuko mzima wa saruji.

Ndoa ya zege na nondo nayo ni ya bahati njema. Mtunza bustani wa Paris, Joseph Monier, alipata hataza mwaka 1867 kwa vyungu vya miche vya saruji vilivyotiwa waya wa chuma ndani, kwa sababu zege hustahimili kubanwa lakini hukatika likivutwa, na chuma hustahimili kuvutwa. Zege na chuma vingeweza kutengana kila jua linapochomoza, lakini ikatokea kwamba vinatanuka kwa kiasi kinachokaribiana. Zaidi ya hapo, zege changa lina alikali nyingi, pH yake, yaani kipimo cha asidi na alikali, ikiwa kati ya 12 na 13, na katika hali hiyo nondo hujifunika utando mwembamba unaoizuia isipate kutu. Kinachovunja ndoa hiyo kwetu ni chumvi. Kloraidi za baharini zikiifikia nondo huutoboa utando, kutu huanza, na kwa kuwa kutu huhitaji nafasi kubwa mara mbili hadi sita kuliko chuma kilichotoa kutu hiyo, zege hupasuka kutoka ndani, ufa ukifuata nondo kwa urefu kama mstari uliopigwa kwa rula.

Ukitembea pwani yetu kuanzia Tanga hadi Malindi utaziona nguzo za baraza zenye ufa huo, na doa la hudhurungi chini yake. Dawa yake si siri: mchanga usiotoka ufukweni, au kama hakuna budi, uoshwe kwa maji yasiyo na chumvi, zege zito lisilo na maji ya ziada, na nondo ikae ndani, sentimita nne au tano kutoka juu, badala ya kulala kwenye mbao za fomu kwa sababu hakuna aliyeweka vijiwe vya kuinyanyua. Mchanga wa ufukweni ni wa bure na uko karibu, na kutu huchukua miaka kumi kujitokeza, wakati fundi na mwenye nyumba wote wameshasahau ulitoka wapi. Hesabu inayochelewa kuja hivyo haimfundishi mtu.

Sasa ninafundisha katika chuo cha ufundi, na katika kipindi cha kwanza sifungui kitabu. Ninaleta mawe mawili ya matumbawe yanayolingana, moja limepakwa lipu ya chokaa na jingine ya saruji, nikayasimamisha katika beseni la maji ya chumvi, tukayaacha hapo dirishani kwa wiki kadhaa. La chokaa huota ndevu nyeupe za chumvi usoni mwake, kutoka chini hadi juu, na huwa baya kulitazama. La saruji hubaki safi, wanafunzi wengi hulipigia kura, hadi siku tunapolipasua kwa patasi na kuona chumvi imejipanga nyuma ya lipu. Wapo wanaokuja kutoka skuli wakiwa wamekariri ule mlinganyo wa kabonati na chokaa kwa ukamilifu, herufi na namba, lakini hawajawahi kuuhusisha na kuta za nyumba walimozaliwa. Nisingethubutu kuwacheka. Mtihani wa taifa hauulizi ukuta wa nani, na mimi mwenyewe nilipata alama ya juu katika somo lile.

Tulianza kuurudisha ukuta wa shangazi mwaka 2021, baada ya masika kupita. Kubandua saruji kulituchukua siku tisa, kwa patasi na nyundo ndogo, kwa sababu pale ilipokuwa bado imeshika, kila pigo la pupa liliondoa jiwe. Vichwa viwili vya boriti vilikuwa vimekwisha. Ukivichoma kwa bisibisi, iliingia hadi mpini. Vikabadilishwa, na mzee akaacha uwazi kidogo kuzunguka kila kichwa ili upepo upite. Mawe yakaachwa wazi hadi mwisho wa mwaka, yakitoa maji na chumvi, na tulikuwa tukiyapiga brashi kavu kila Ijumaa asubuhi kabla ya shangazi kutoka. Ndipo ikapakwa chokaa iliyolala, tabaka tatu nyembamba, kila moja ikisubiri ya chini yake iive, na juu yake chokaa ya kupaka tu, bila tone la rangi ya mafuta.

Nilifanya upimaji wangu mwezi uliopita. Mstari wa unyevu umeshuka hadi shubiri moja juu ya goti, na hapo pana unga mweupe unaotoka ukipitisha kidole. Shangazi amerudi kufagia, mara moja kwa siku badala ya mbili. Ameniomba nisimtajie tena mambo ya megapaskali, na amekwisha kuweka kando fedha za ndoo sita za chokaa, ambayo mzee ameshaizima na kuifukia, ili ukuta upakwe upya mwakani kabla ya Ramadhani.